Alhamisi Zangu za Nyeri

Kwa miaka sita, kila Alhamisi, nilipaka viatu rangi, nikachukua bahasha yangu ya kaki, nikaenda Nyeri kukaa kwenye benchi la ofisi ya ardhi. Hakuna aliyenituma. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kwetu wakitaka kunihurumia husema ofisi ilinizungusha, nami kwa muda mrefu niliwaacha waseme hivyo kwa kuwa ilinipendeza. Ofisi haikunizungusha. Karani wa dirishani aliniambia siku ile ile ya kwanza, tena kwa heshima, "Madam, wacha namba ya simu. Siku ya kukuja kuona shamba ikifika, tutakupigia." Niliacha namba. Alhamisi iliyofuata nikarudi kuuliza kama walikuwa wamepiga nikakosa kusikia.

Nilikuwa nimerudi kwetu Mukurweini kutoka upande wa Kangema, ambako niliishi katika ndoa miaka kumi na saba, ikaisha kwa wiki moja. Kule nilikuwa karani wa shule. Kazi yangu ilikuwa kutoboa karatasi, kuzipanga kwenye faili na kujua kila faili iko wapi, na niliijua kazi hiyo vizuri kuliko nilivyojua kupika. Mtu akiniambia jambo ambalo halijaandikwa, nililisikia kama redio ya jirani. Sisemi haya kwa kujisifu. Ndiyo kasoro yangu yenyewe.

Mwanamke anayerudi kwao na sanduku hapokewi kwa vigelegele. Kaka zangu wawili walikuwa wameshagawana shamba la juu, lenye kahawa na barabara, na ilijulikana kwamba nyumba ya mama nayo, mama akienda, itakuwa ya kaka mdogo. Kwangu kulibaki kipande chembamba cha chini, kutoka migomba ya mama hadi mpaka wa binamu yetu, mtoto wa baba mdogo. Mama ndiye aliyekitaja. Alisimama mbele ya kaka zangu akasema, "Huyu atajenga pale chini. Sitaki kusikia ingine." Wakakubali, jambo ambalo kwetu si dogo. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, na hatimaye nilikuwa nimepata mahali pa kuweka mlango wangu mwenyewe.

Nilipopeleka mawe ya msingi, binamu alishuka mikono ikiwa nyuma, kama mtu anayekuja kuangalia mahindi, akaniambia kwa upole kwamba mpaka hauko pale ninapofikiri. Kwa maneno yake, mpaka ulipita kwenye migomba. Yaani kipande changu chote kilikuwa chake. Hivyo ndivyo kesi ilivyoanza na bahasha ya kaki ikanunuliwa.

Mama hakushtuka. Alisema tu, "Si matoka iko? Twende tupalilie, kila mtu aione."

Lazima nieleze matoka. Itoka ni mmea wa majani mapana, na chini yake kuna kitunguu kikubwa kilichozama ardhini. Haliliwi, haliuzwi, ng'ombe hawalitaki. Wazee wetu walilipanda kwenye mipaka kwa sababu halifi upesi: kiangazi kinakausha majani yote, na mvua ikirudi linachipuka pale pale. Kati yetu na baba mdogo kulikuwa na matoka yaliyopandwa na babu mbele ya majirani. Kila mwaka, kabla ya mvua ndefu, ile ya njahi, mama alishuka na panga lake butu kuyapalilia, na mama wa binamu akashuka kutoka upande wake. Mmoja alikata magugu, mwingine akahesabu kwa sauti, huku wakiongea habari za kanisa na za ng'ombe, na kila aliyepita njiani aliwaona akawasalimu. Ilikuwa kazi ya watu wawili. Mama alisema mtu akionekana pale peke yake na panga, watu watadhani anasogeza mpaka.

Sisi watoto tulilazimishwa kwenda. Nikiwa na miaka kumi na miwili niligundua kwamba nikisema nina hesabu za shule, naachwa. Tangu siku hiyo sikushuka tena. Niliwatazama kutoka juu, wanawake wawili wameinamia mmea usio na faida yoyote, nikajiapia kwamba nikiwa mkubwa sitapoteza siku yangu hivyo. Kiapo hicho nilikitimiza.

Sasa mama wa binamu alikuwa amekufa, na mama alihitaji mtu wa pili. Aliniomba, nami nikamweleza kwa ile sauti ya mwalimu aliyechoka na darasa.

"Mama, serikali haiangalii maua. Inaangalia ramani. Iko Nyeri kwa faili."

"Na hiyo ramani ilichorwa aje? Si watu walikuja wakaona matoka?"

"Hiyo ni ya zamani."

"Haya, mami. Basi Ijumaa." Aliniita mami kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Ijumaa nitakuwa nimechoka."

Na kweli Ijumaa nilikuwa nimechoka. Uchovu ndio ulionidanganya kuliko kitu kingine. Kukaa kwenye benchi la mbao kutoka saa mbili hadi saa kumi, baridi ya Nyeri ikiingia kwenye magoti, kunauma mgongo sawasawa na kuchuma kahawa. Mwili wangu ulirudi nyumbani umevunjika, na mimi nikauamini. Sikuwahi kujiuliza kama mtu anaweza kuchoka bure.

Tena nitasema ukweli: nilipapenda pale. Kulikuwa na watu wa Alhamisi, hasa mzee mmoja wa kofia ya sufu aliyekuwa akishindania shamba na kaka yake, na tulihifadhiana nafasi. Nilimsomea barua zake. Nilimwonyesha fomu gani inaambatanishwa na ipi. Wengine wakasikia, wakaanza kuniletea karatasi zao, wakiniita madam, na mmoja akaniuliza kama nilisomea sheria. Saa saba tulikunywa chai na mandazi kwenye hoteli ya ng'ambo ya barabara, tukazungumza kuhusu kesi zetu kwa uzito mkubwa. Nyumbani nilikuwa mwanamke aliyeachwa. Kwenye benchi nilikuwa mtu mwenye kesi, na jioni nikifunga bahasha nilijisikia nimetoka kazini.

Mama alikuwa ananingoja na chai. Alipenda kusimulia, na habari zake zilikuwa ndefu, zilianza na mtu aliyenunua mbuzi na zikaishia mahali pengine kabisa. "Fupisha, mama," nilimwambia. Jioni moja alianza kuniambia jambo kuhusu ile miti ya mkima iliyosimama mstari kule chini, hatua tisa kutoka migomba. Mimi niliamini mstari huo ndio mpaka. Nilipoondoka kwenda kuolewa haikuwepo au sikuiona, niliporudi ilikuwa mirefu, nikaona imepangwa vizuri, basi nikaridhika. Mama alisema, "Hiyo miti, mami, unajua kwanza baba yako alikuwa ameenda hosipitari..." nami nikamwambia nina barua ya kuandika. Barua yenyewe ilikuwa ya kuulizia majibu ya barua niliyokuwa nimeandika mwezi uliotangulia.

Mwaka wa pili wa kesi, Alhamisi moja nikirudi, nilimkuta binamu kule chini, ng'ambo ya miti ya mkima, akichimba mashimo ya nepia, yale ya kina kirefu yanayoitwa tumbukiza, ambayo mtu hujaza mbolea ili nyasi isikauke kiangazi. Kando ya njia kulikuwa na rundo la vitunguu vikubwa, vyeupe pale jembe lilipovikata, vimetupwa juani. Niliviona. Nilikanyaga kimoja, nikapangusa kiatu kwenye majani kwa sababu nilikuwa nimekipaka rangi asubuhi. Nilidhani ni nduma zilizooza. Hata sikukasirika, kwa kuwa niliamini anachimba upande wake. Mtu mwenye kesi ya mpaka ya miaka miwili hakujua mpaka uko wapi.

Mama alikuwa amesikia jembe.

"Anachimba nini huko chini?"

"Nepia. Kwake."

"Kwake wapi? Wacha twende tuone."

"Mama, nimetoka Nyeri sasa hivi. Kesho."

Magoti yake tayari yalikuwa mabaya, asingeweza kushuka ule mteremko bila mtu wa kumshika. Hakunigombeza. Akaenda kufungia kuku. Kesho yake nililala hadi saa tatu, na baada ya hapo sote wawili hatukuitaja tena siku hiyo.

Mwaka wa nne mama alianza kupotea. Alichanganya kahawa mbichi na maharagwe kwenye sufuria moja. Aliandaa vikombe viwili na kukaa akimngoja mama wa binamu, ambaye tulikuwa tumemzika kitambo. Niliponunua kalenda na kumwandikia siku zote kwa kalamu nyekundu, aliitundika vizuri ukutani na kuuliza ni ya nini. Jambo moja tu halikumtoka. Mawingu yakianza kukusanyika kabla ya mvua ya njahi, alitafuta panga lake na kuniuliza kama tunashuka. Nilimwambia tutashuka. Nilikuwa nimejifunza kwamba mtu aliyepoteza kumbukumbu unaweza kumwahidi chochote, na hilo ni jambo baya sana kujifunza.

Simu ilipigwa mwaka wa sita, Jumatatu, kama walivyosema watapiga. Nilikuwa jikoni. Wiki iliyofuata walikuja, afisa mmoja mtu mzima na mpimaji na mashine yake, na majirani wakakusanyika kwenye njia. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya Nyeri. Bahasha ilikuwa imenenepa hadi nikaifunga kwa mpira.

Afisa hakuitaka bahasha. Alisema ramani yake inaonyesha tu kwamba mashamba haya mawili yanapakana, haionyeshi hatua kwa hatua, kwa hiyo lazima aone alama au asikie watu. Akaniambia, "Madam, tembea kwa mpaka nione." Nikatembea, haraka na kwa fahari, kwenye mstari wa miti ya mkima.

"Hii miti ilipandwa na nani?"

"Babu yetu," nikasema. Sikuwa nadanganya. Nilikuwa najaza nafasi iliyo wazi, kama nilivyozoea kujaza fomu.

Binamu alikohoa. "Hii nilipanda mimi. Baba yake akiwa hosipitari. Hata huyu jirani alinisaidia kubeba miche."

Jirani akatazama chini na kusema ni kweli, hii miti ni ya juzi. Afisa alishika shina moja kwa mikono miwili, vidole vyake vikakutana. Mti wa babu haushikwi hivyo. Ndipo nilipojua mama alitaka kuniambia nini jioni ile ya barua.

"Kuna mtu mzee anajua mpaka wa zamani?" afisa akauliza.

Majirani wa rika la mama walikuwa wameshakufa, na wadogo hawakutaka kuingia kati ya jamaa. Kaka yangu alimleta mama akiwa kwenye kiti cha plastiki. Afisa alichuchumaa mbele yake. "Cucu, mpaka iko wapi?" Mama akatabasamu, akamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Watu wakacheka kwa upole. Halafu mama akaona mahali alipo. Aliutoa mkono wangu begani mwake, akainuka, akapita kati ya miti ya mkima bila kuiangalia, akaenda hatua tano mbele na kuingia kwenye nepia ya binamu. Akapiga magoti na kuanza kung'oa magugu kwa mikono. Aling'oa kidogo mahali pamoja, kwa mzunguko, kama unavyosafisha shina la mmea, akasema moja. Akasogea, akang'oa tena kwa mzunguko, akasema mbili. Pale hapakuwa na kitu, nyasi tu. Alienda hivyo hadi kumi na moja, kwenye mstari ulionyooka kabisa, kwa magoti yale yale yaliyokuwa hayafiki chooni bila msaada. Mara moja aligeuka na kuniambia, "Hesabu na wewe, mami. Usiniachie pekee yangu." Hakuna aliyecheka tena.

Afisa alinijia. Hakuwa mtu mkali.

"Hapo anapalilia kulikuwa na nini?"

"Matoka."

"Wewe uliyaona?"

"Nikiwa mtoto."

"Mara ya mwisho ni lini?"

"Nikiwa na miaka kumi na miwili."

"Na kwa nini umenionyesha miti?"

Angeuliza kuhusu fomu yoyote ningemjibu kwa nambari yake. Binamu alikuja akamshika mama mkono, akamwinua kwa uangalifu, akasema, "Huyu mama ni mgonjwa. Tusimsumbue." Alisema kwa huruma, na nadhani huruma yenyewe ilikuwa ya kweli, jambo ambalo lilinikasirisha zaidi.

Barua ilisema kwamba mlalamikaji na shahidi wake wameonyesha mipaka miwili tofauti, kwamba shahidi hana afya ya kutoa ushahidi, na kwamba hakuna alama ya zamani iliyoonekana. Mpaka ukawekwa kwenye migomba, kama binamu alivyodai. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi kutafuta kosa, na kwa jinsi mambo yalivyokuwa siku ile, ningekuwa mimi ndiye ninayeandika ningeandika hivyo hivyo. Mawe yangu ya msingi yako upande wa binamu. Mama akienda, nyumba ni ya kaka mdogo, na mimi nitarudi kuwa mtu wa sanduku.

Nilipoenda kuchukua barua, nilimuuliza karani kama kule kuja kwangu kila wiki kulisaidia hata kidogo kusukuma faili. Alishangaa. "Hapana, madam. Hizi zinaenda kwa laini. Sisi tulidhani uko na shughuli zingine hapa mjini."

Naandika haya nikiwa na hasira, na nimetafuta mtu wa kumkasirikia nikakosa. Watu husema kwamba kazi yenye maana inajulikana. Sijui inajulikana kwa alama gani. Yangu ilikuwa na bahasha, viatu na watu walioniita madam. Ya mama ilikuwa na panga butu na magugu. Ukisimama kule juu, kama nilivyosimama nikiwa na miaka kumi na miwili, huwezi kukosea ni nani kati yetu anayepoteza wakati. Nilikosea miaka yote hiyo, na siku nilipojua, kujua kwangu hakukuwa na kazi ya kufanya. Hakukuwa na itoka la kupalilia wala mama wa kunisimulia.

Na hata kujua hakukuniponya. Alhamisi iliyofuata nilishtuka nikiwa nimeshapaka viatu rangi. Ningeweza kuvivua. Nilienda. Nilikaa kwenye benchi na bahasha mapajani, bila kesi, bila swali la kuuliza dirishani. Mzee wa kofia ya sufu aliniuliza imefika wapi, nikamwambia bado. Tukanywa chai. Nilimsomea barua yake.

Niliporudi, jua lilikuwa bado juu. Mama alikuwa ameketi chini kwenye ukingo wa migomba, ambako kaka mdogo alikuwa amemshusha, panga lake mapajani, akitazama nepia. Alinisikia na kugeuka, akaniangalia kuanzia viatuni hadi usoni kwa adabu ile anayowapa watu wa kanisa lingine.

"Karibu, mama. Umetoka mbali?"

"Nimetoka Nyeri."

"Nyeri." Akafurahi. "Basi umeona msichana yangu. Yeye huwa huko Alhamisi."

Nilimuuliza huyo msichana anafanya nini huko.

"Sijui. Ni kazi ya maana, ya ofisi. Mimi simsumbui." Alifuta panga kwa kitambaa cha kichwa chake. "Ninamngoja tu hapa, tupalilie. Hii si kazi ya mtu mmoja."

Nilivua viatu. Niliweka bahasha chini, nikapiga magoti kando yake na kunyoosha mkono kulichukua panga, nikamwambia mimi niko, twende. Akalivuta kwake taratibu na kulificha nyuma ya mgongo.

"Hapana, mama, wewe keti upumzike," akasema. "Siwezi kupatia mgeni kazi. Msichana yangu atakuja."